Mtakatifu Yohane Mbatizaji wa La Salle: Aliyewalea Walimu Ili Watoto Walelewe



Leo nataka niongee hasa na nyinyi mnaokaa na watoto: walezi wa Utoto Mtakatifu, mnaoandaa watoto wa komunyo ya kwanza, mnaosomea ualimu, na hata wewe dada mkubwa unayebaki na wadogo zako baba na mama wakienda kutafuta riziki.

Wengi wetu tuliingia kwenye kazi hii kwa njia moja. Katekista alikuja kwenye mkutano wa vijana, akasema anahitaji mtu wa kukaa na watoto Jumapili, ukanyoosha mkono. Basi! Jumapili iliyofuata uko mbele ya watoto sitini, hujui uanzie wapi, na kabla ya saa nne sauti imekauka na fimbo iko mkononi. Watoto unawapenda kweli, lakini hebu jiulize: je, kuwapenda kunatosha?

Mtakatifu wa leo alilibeba swali hilo kwa miaka arobaini. Ni Yohane Mbatizaji wa La Salle, ambaye kwao Ufaransa wanamwita Jean-Baptiste de La Salle.

Alizaliwa mjini Reims tarehe 30 Aprili 1651, kifungua mimba wa familia ya kitajiri na yenye heshima. Akiwa na miaka 15 tu alikuwa tayari kanoni wa kanisa kuu la Reims, cheo chenye kipato kizuri. Mwaka 1670 akaenda Paris, seminari ya Saint-Sulpice. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Halafu Julai 1671 mama yake akafariki, na Aprili 1672 baba naye akafuata. Kijana wa miaka 20, yatima, na nyumbani kuna wadogo zake sita. Ikabidi aache seminari arudi kuwa mzazi. Masomo aliyaendeleza huku analea, na tarehe 9 Aprili 1678 akapata upadre. Kwa hiyo wewe unayesema majukumu ya nyumbani yamekuzuia kuitikia wito, mtazame huyu mwenzio.

Mwaka 1679, kwenye nyumba ya masista mjini Reims, alikutana na mlei mmoja wa makamo aliyeitwa Adrien Nyel. Nyel alikuwa ametoka Rouen kuja kufungua shule za bure kwa watoto wa kiume wa maskini. Padre wetu akamsaidia kidogo tu: ushauri, mahali pa kukaa, kumtambulisha kwa maparoko. Hakuwa na mpango wowote wa kuingia mwenyewe. Baadaye alikiri kwamba angalijua mwanzoni jambo lile lingemfikisha wapi, angeliacha palepale. Mungu alimvuta taratibu, hatua moja baada ya nyingine.

Nyel alikuwa hodari wa kuanzisha. Anafungua shule, anaweka walimu, kesho yuko mji mwingine anafungua nyingine. Na wale walimu je? Walikuwa vijana ambao wenyewe hawakusoma sana, wanalipwa kidogo, hawana wa kuwaelekeza. Kila mmoja anafundisha anavyojua yeye. Darasani ni kelele na viboko, na mwalimu akichoka anaondoka. Padre akaona jambo ambalo wengi hawakuliona: shule zile hazikupungukiwa majengo, zilipungukiwa watu walioandaliwa.

Akaanza na chakula. Aliwakaribisha walimu wale wale mezani kwake. Kisha tarehe 24 Juni 1681 akawahamishia nyumbani kwake kabisa, walale hapo, wasali hapo, wajifunze hapo. Jamani, ukoo ulichafuka! Zama zile mwalimu wa watoto maskini alikuwa mtu wa chini sana, na yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba mwanzoni aliwaona wako chini ya mtumishi wake wa nyumbani. Ndugu wakaja juu, wakawaondoa baadhi ya wadogo zake. Hakurudi nyuma. Mwaka uliofuata akaiacha nyumba ya baba yake, akapanga nyumba nyingine mjini, akahamia na walimu wake.

Hata hivyo kulibaki kitu kimoja. Walimu walikuwa na hofu ya kesho: tukizeeka, tukiugua, shule zikifungwa, tutakula nini? Padre akawahimiza wamtegemee Mungu. Nao wakamjibu ukweli mchungu, kwamba ni rahisi kwake kusema hivyo, maana yeye ana mali na kipato cha ukanoni. Fikiria umeambiwa hivyo na watu unaowalisha. Hakukasirika. Alikwenda kusali na kuomba ushauri, na mwaka 1683 akajiuzulu ukanoni, nafasi yake akampa padre fukara, si mdogo wake kama ndugu walivyotaka. Mali yake akaigawa kwa wenye njaa, kwa sababu wakati ule njaa kali iliingia mkoani kwao. Sasa akawa maskini kama wao, na neno lake likawa na uzito.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa shirika la Ndugu wa Shule za Kikristo. Aliamua wasiwe mapadre, ili akili na muda wao wote uwe wa shule. Akaamua pia wasitumwe mmoja mmoja, wawe angalau wawili pamoja. Lakini maparoko wa vijijini wakaja wakilia: sisi hatuwezi kulisha wawili, tupe mmoja. Akakataa kuvunja utaratibu, ila akawapa njia nyingine. Wamletee kijana wa kijijini kwao, afundishwe, kisha arudi. Ndipo karibu mwaka 1685 akafungua Reims nyumba ya kuandaa walimu wa vijijini. Walijifunza kusoma vizuri, kuandika, hesabu, nyimbo za kanisa na sala. Wanahistoria wanakihesabu chuo hicho kati ya vyuo vya kwanza vya ualimu Ulaya.

Na alifundishaje walimu? Pamoja na Ndugu wazoefu aliandika mwongozo wa shule, wakiujaribu darasani na kuurekebisha kwa miaka mingi. Humo watoto wanafundishwa kwa makundi kulingana na uwezo wao, badala ya mwalimu kumwita mmoja mmoja huku wengine wanacheza. Wanaanza kusoma kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani kwao, na si Kilatini. Mtoto anapoandikishwa, mwalimu anamuuliza mzazi habari zake: anaishi wapi, tabia yake ikoje, ana udhaifu gani. Asipokuja shule, sababu inatafutwa. Yaani familia nayo iko ndani ya kazi ya mwalimu.

Kwa mwalimu mpya, kazi ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kumwondolea yale aliyokuja nayo: kuongea kupita kiasi, haraka, ukali, upendeleo, kukata tamaa upesi. Pili, kumpa asichonacho: utulivu, uthabiti, busara, bidii. Viboko hakuvifuta kabisa, maana vilikuwa kawaida ya zama zile, lakini alivibana kwa masharti. Alikataza kumwadhibu mtoto kwa hasira, kumpiga kwa mkono au kwa teke, na kumtukana. Kumbe alijua kwamba mara nyingi mtoto anachapwa kwa sababu mwalimu hajui la kufanya.

Msifikiri mambo yalinyooka. Mwaka 1688 alikwenda Paris, na huko walimu wa kulipwa wakamshtaki kwa kuwa shule zake za bure ziliwanyima wateja, hata vifaa vya shule vikachukuliwa. Mwaka 1691, shirika likiwa karibu kufa, yeye na Ndugu wawili waliweka nadhiri ya kutoliacha hata kama watabaki wao watatu wanaomba mkate. Mmoja wa hao wawili, Nicolas Vuyart, alikuja kukabidhiwa chuo cha walimu mjini Paris, akarithishwa mali yake, akajitenga na shirika. Chuo kikafa. Mwaka 1712, baada ya kesi nyingine mbaya, Padre aliondoka kwenda kusini mwa Ufaransa akiwa amevunjika moyo, akidhani labda yeye ndiye kikwazo. Tarehe 1 Aprili 1714 Ndugu wa Paris wakamwandikia barua na kumwamuru, kwa nadhiri yake ya utii, arudi kuwaongoza. Mwanzilishi akaamriwa na wanafunzi wake, akatii. Agosti alikuwa amerudi.

Alifariki Rouen siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719, akiwa na miaka 67. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pius XII akamfanya msimamizi wa walimu. Leo wanawe wako hata kwetu, Kenya, Rwanda na Kongo.

Sasa turudi kwako uliyenyoosha mkono. Upendo wako kwa watoto ni mwanzo mzuri, ila mtoto anastahili zaidi ya nia njema. Anastahili mtu aliyekubali kufundishwa. Kwa hiyo parokia ikitangaza semina ya walezi, usiseme umeshazoea. Nenda. Jumapili hii kaa mezani na mlezi mwenzako mpange somo pamoja. Chagua mtoto mmoja anayekusumbua, umtembelee nyumbani uwajue wazazi wake. Na ile fimbo, jiulize kwa ukweli inaficha nini ambacho hujajifunza bado.

Tusali: Ee Mungu, umetukabidhi watoto wako nasi bado hatujui kulea. Utuondolee haraka na hasira, utupe moyo wa kujifunza, na usituache peke yetu katika kazi hii. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yohane Mbatizaji wa La Salle, utuombee!