Audie Murphy: Shujaa wa vita aliyelala na bastola chini ya mto

Jeshi la Marekani lilipomwachia Luteni Audie Murphy mwezi Septemba 1945, alikuwa na umri wa miaka 20. Alikuwa amekwishapata nishani zote za ushujaa vitani ambazo jeshi la nchi kavu la nchi hiyo lilikuwa likitoa, na sura yake ilikuwa imechapishwa kwenye jalada la jarida la Life. Pamoja na sifa hizo alipewa kitu kingine ambacho magazeti hayakukishangilia: tathmini rasmi kwamba ana ulemavu wa asilimia 50.

Tunamrejelea leo kwa sababu asilimia hizo bado zinawahangaisha watu wengi. Kila mwaka wanajeshi wa zamani wa Marekani, wakiwemo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki waliovaa sare za nchi hiyo, huwasilisha madai ya fidia kwa Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, inayojulikana kwa kifupi kama VA. Wengi wao hawadai mguu uliokatika wala jicho lililopofuka. Wanadai usingizi uliopotea, hasira zisizo na sababu na woga unaowarukia sokoni au barabarani. Kitaalamu hali hiyo huitwa PTSD, yaani msongo wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha. Ukitaka kuelewa kwa nini dai la namna hiyo ni gumu kulijaza, yatazame maisha ya Murphy.

Alizaliwa Juni 1925 huko Kingston, kaskazini mwa jimbo la Texas, katika familia ya wakulima waliolima mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno. Walikuwa watoto 12. Baba aliitelekeza familia, na Audie akaacha shule akiwa darasa la tano ili avune pamba kwa dola moja kwa siku. Kwa bunduki aliwinda sungura na ndege ili wadogo zake wale. Mama yake alifariki mwaka 1941, na wadogo zake watatu wakapelekwa kwenye kituo cha watoto yatima. Vita vilipoifikia Marekani mwaka huohuo alijaribu kujiunga, lakini jeshi la wanamaji lilimkataa kwa kuwa mwembamba mno. Mwishowe dada yake alimsaidia kudanganya kuhusu umri wake, na Juni 1942 jeshi la nchi kavu likamkubali. Alikuwa ametimiza miaka 17 tu.

Julai 1943 alitua kisiwani Sicily na Divisheni ya 3 ya askari wa miguu, chini ya Jenerali George Patton. Mwezi uliofuata, kisiwani humohumo, Patton aliwazaba makofi askari wawili aliowakuta kwenye mahema ya hospitali wakiwa hawana jeraha la kuonekana. Mishipa yao ya fahamu ilikuwa imechoka na mabomu, naye akawaita waoga. Patton alikaripiwa na kulazimishwa kuomba radhi, lakini kila askari aliyeisikia habari hiyo alikwishapata somo lake kuhusu nini cha kusema na nini cha kunyamazia mbele ya daktari wa jeshi.

Kutoka Sicily, Murphy alipigana Italia, ambako malaria ilimlaza zaidi ya mara moja, kisha kusini mwa Ufaransa. Siku ya kwanza ya kutua huko, tarehe 15 Agosti 1944, rafiki yake wa karibu, Lattie Tipton, alisimama kuwapokea askari wa Ujerumani walioonyesha dalili za kusalimu amri. Walimpiga risasi akafa. Murphy aliwashambulia peke yake na kuwaangamiza, na jeshi likampa nishani ya pili kwa ukubwa. Nishani ya kwanza kwa ukubwa, ile ya Heshima, aliipata kwa kazi ya tarehe 26 Januari 1945 karibu na kijiji cha Holtzwihr. Aliwaamuru askari wake warudi nyuma, akapanda juu ya gari la kivita lililokuwa likiungua na ambalo lingeweza kulipuka wakati wowote, na kwa muda wa saa nzima akawazuia maadui kwa bunduki ya rashasha, huku mguu wake ukivuja damu. Katika vita hivyo alijeruhiwa mara tatu.

Huko Marekani mwigizaji James Cagney aliiona picha yake na kumwalika Hollywood. Alicheza zaidi ya filamu 40. Iliyovuma kuliko zote, To Hell and Back ya mwaka 1955, ilitokana na kitabu cha maisha yake, na humo aliigiza nafasi yake mwenyewe. Hebu tafakari: mtu anayekimbia ndoto za kifo cha Tipton analipwa ili akiigize kifo hicho mbele ya kamera, tena kwa ufasaha. Filamu hiyo iliiletea studio mapato makubwa kuliko nyingine yoyote iliyokuwa imetengeneza, na rekodi hiyo ilidumu takriban miaka 20.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kumbukumbu zake za matibabu baada ya vita zinataja maumivu ya kichwa, kutapika na ndoto za kutisha za vitani. Alilala na bastola iliyojaa risasi chini ya mto. Mke wake wa kwanza, mwigizaji Wanda Hendrix, alisimulia kwamba aliwahi kumwelekezea silaha, na kwamba siku moja alitokwa machozi alipoona filamu ya habari kuhusu watoto yatima wa Ujerumani. Ndoa hiyo ilifungwa mwaka 1949 na kuvunjika mwaka 1951. Kamari ilimla fedha nyingi, ingawa alikataa kutangaza pombe na sigara kwa kuwa hakutaka kuwa mfano mbaya kwa vijana. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa mtumwa wa vidonge vya usingizi. Alipotambua hivyo, alijifungia peke yake katika chumba cha moteli kwa siku kadhaa mpaka mwili ukaviacha.

Sasa tulipime dai lake kama lingewasilishwa VA leo. Sheria inataka mambo matatu: daktari athibitishe kwamba mhusika ana PTSD sasa, kuwe na tukio lililompata akiwa kazini, na mtaalamu aunganishe ugonjwa na tukio hilo. Kwa Murphy, tukio si tatizo. Aliyepigana vita ana nafuu hapa, kwani maelezo yake mwenyewe yanaweza kutosha ikiwa yanalingana na mazingira ya huduma yake, na nishani ya majeruhi wa vitani inatosha kuonyesha kwamba alikuwa mapiganoni. Wanaoteseka zaidi ni wale ambao kazi yao haikuonekana ya kivita: dereva wa msafara, mpishi, karani aliyelala kambini huku makombora yakianguka. Mpaka mwaka 2010 hao walitakiwa kutafuta ushahidi wa kila tukio. Mwezi Julai mwaka huo kanuni ililegezwa: hofu ya kushambuliwa na adui inatosha kuwa tukio, mradi daktari wa akili au mwanasaikolojia wa VA au aliyepewa kazi na VA aikubali na iendane na mahali askari alipotumikia.

Kinachofuata ni kupima ukubwa wa madhara. VA hutoa 0, 10, 30, 50, 70 au 100 kwa mia, na hupima namna ugonjwa unavyomzuia mtu kufanya kazi na kuishi na wenzake. Ushujaa wake hauhesabiwi. Hapa ndipo barua ya mke, ndugu au mwenzake wa kikosini inapokuwa na uzito, maana wao ndio walioona bastola chini ya mto. Nasi tunaamini hapa ndipo wengi hujiangusha wenyewe. Huenda kwenye uchunguzi wamenyoa ndevu na kupiga pasi shati, wakaulizwa hali, wakajibu salama kama walivyofundishwa jeshini. Daktari huandika alichosikia. Asiyeridhika na uamuzi ana mwaka mmoja wa kuomba upitiwe upya, na vipo vyama vya wanajeshi wa zamani vyenye wawakilishi walioidhinishwa wanaosaidia kuandaa dai bila malipo.

Ambacho Murphy asingeweza kukileta ni jina la ugonjwa. Haina maana kwamba serikali haikuwalipa kabisa watu wa kizazi chake. Wapo waliolipwa kwa matatizo ya neva. Lakini mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1952 ulikuwa na jina la mshtuko mkubwa kama huo, na toleo la mwaka 1968 likaliondoa, wakati uleule vijana walipokuwa wakirudi kutoka Vietnam.

Katika miaka hiyo ndipo Murphy alipozungumza. Alieleza hadharani matatizo yake, akaitaka serikali ichunguze athari za vita kwenye akili na kupanua matibabu kwa waliopigana Korea na Vietnam. Mtu mwingine angeambiwa anatafuta pesa au ni mwoga. Yeye nani angemwambia hivyo?

Hakuyaona matokeo. Tarehe 28 Mei 1971, siku tatu kabla ya Siku ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani, ndege ndogo aliyopanda kwa safari ya biashara iligonga mlima karibu na Roanoke, Virginia, katika ukungu na mvua. Watu wote sita waliokuwemo walikufa. Alikuwa na miaka 45. Alizikwa Arlington chini ya jiwe la kawaida, lisilo na maandishi ya dhahabu yanayowekwa kwa wenye Nishani ya Heshima. Hospitali ya wanajeshi wa zamani huko San Antonio ilipewa jina lake mwaka 1973. PTSD iliingia katika mwongozo wa madaktari mwaka 1980.

Aliacha madeni. Mke wake wa pili, Pamela, mama wa watoto wake wawili wa kiume, alihamia kwenye nyumba ndogo ya kupanga na kuajiriwa kama karani katika hospitali ya VA ya Sepulveda, Los Angeles. Alifanya kazi humo kwa zaidi ya miaka 30, akizunguka na karatasi zake, akiwaita wagonjwa kwa heshima, na aliyekaa foleni muda mrefu alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe mpaka kwa daktari anayehusika. Alifariki Aprili 2010, miezi mitatu kabla ya kanuni ile kulegezwa.