Mwalimu wa Pugu aliyeacha chaki kwa ajili ya TANU

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

ABIRIA anayetoka Dar es Salaam kwenda Kisarawe hupita kwanza Pugu, penye vilima vya msitu na shule ya sekondari ambayo wengi huipita bila kugeuza shingo. Hapo ndipo mwalimu kijana alipolazimika, mwaka 1955, kuchagua kati ya ajira yake na siasa.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, ambako alihitimu shahada yake mwaka 1952. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Maria Gabriel na kuanza kufundisha Pugu, katika shule iliyokuwa ikiendeshwa na Kanisa Katoliki.

Aprili 1953 alichaguliwa Rais wa chama cha TAA, akimshinda Abdulwahid Sykes. Hata hivyo, Sykes hakumpa kisogo. Nyumba yake ya Kariakoo iliendelea kuwa kituo cha mwalimu huyo kila aliposhuka mjini kwa mikutano, safari ambayo mara nyingi aliifanya kwa miguu. Julai 7, 1954, TAA iligeuzwa kuwa TANU.

Machi 1955, kwa nauli iliyotokana na michango ya wananchi, Nyerere alikwenda New York kutetea mustakabali wa Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporejea alitakiwa kuchagua: darasa au chama. Alikuwa na mke na watoto wachanga, naye hakuwa na kipato kingine cha kutegemea. TANU nayo ilikuwa bado haijatimiza mwaka mmoja. Aliandika barua ya kujiuzulu mwezi huo huo na kurudi kwao Uzanaki kwa muda, kabla ya kurejea Dar es Salaam kukiongoza chama.

Mwaka 1958 alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa kikoloni, akalipa faini ya shilingi 3,000. Miaka mitatu baadaye, Desemba 9, 1961, Tanganyika ilikuwa huru.

Kibaha nayo iliguswa mapema na uongozi wake. Kwa ushirikiano na nchi za Nordic, serikali ilijenga hapo kituo cha elimu, afya na mafunzo ya wakulima, kilichokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Kilikuwa silaha katika vita vyake dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini.

Utawala wake haukukosa lawama. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na baadhi ya wananchi walihamishiwa vijijini kwa nguvu katika miaka ya 1970. Alipong'atuka urais mwaka 1985, uchumi ulikuwa taabani.

Baba wa Taifa alifariki dunia London Oktoba 14, 1999. Mwaka 2022, shule ya uongozi yenye jina lake ilifunguliwa Kibaha kwa ajili ya makada wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Wanaopita humo kutafuta madaraka wangefaidika kukumbuka kuwa safari ya mwenye jina hilo ilianza, jirani tu hapo Pugu, kwa kuacha mshahara.