Meja Armstrong, mtu aliyehangaika na radi

Mvua za kwanza zilipoanza, msikilizaji wetu mmoja alituletea studio redio ya marehemu babu yake. Ni sanduku la mbao, zito, lina kitambaa mbele na vifundo viwili. Ndani hakuna transista hata moja. Kuna valvu tano za kioo, ukiziangalia haraka utadhani ni balbu ndogo. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshaitajia bei, na kijana akataka kwanza tumwambie kama kitu hiki kina thamani. Kwa upande wa fedha hatukuwa na jibu. Tulichomwambia ni kwamba ndani ya sanduku lile kuna kazi ya mtu mmoja, na mtu huyohuyo ndiye sababu ya wewe kutusikia leo bila mikwaruzo. Tukaahidi kumweleza hapa.

Edwin Howard Armstrong alizaliwa New York, Marekani, tarehe 18 Desemba 1890. Utotoni aliugua homa kali iliyomwachia ugonjwa wa kutikisika bega na shingo, na hali hiyo hakuachana nayo maisha yake yote. Alikuwa mtoto mpweke, mpenda kupanda juu ya vitu virefu. Nyumbani kwao Yonkers alijijengea mlingoti wa antena na kuupanda mwenyewe.

Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipata jambo lake la kwanza kubwa. Valvu ya kukuza mawimbi ilikuwa tayari imebuniwa na Lee de Forest mwaka 1906, lakini ilikuwa dhaifu na hata mwenyewe hakuielewa vizuri. Armstrong aliuchukua umeme unaotoka kwenye valvu akaurudisha tena kwenye mlango wake wa kuingilia, uzunguke na kukuzwa mara nyingi. Umewahi kuona maiki ikisogezwa karibu na spika kanisani au kwenye mkutano, ikaanza kupiga mluzi? Jambo ni lilelile, ila yeye alijua kulidhibiti. Stesheni za mbali ambazo zilikuwa hazisikiki zikaanza kusikika.

De Forest alidai wazo ni lake. Kesi ikaenda miaka na miaka, na mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest ushindi. Wahandisi wengi waliona majaji hawakuielewa mitambo. Armstrong alipokwenda kuwarudishia wahandisi wenzake nishani waliyomtunuku kwa kazi hiyo, walikataa kuipokea.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Paris, mwanajeshi wa mawasiliano, na ndipo alipopata cheo cha meja. Huko mwaka 1918 alibuni mfumo wa superhetirodaini, na huu ndio uliomo kwenye redio nyingi za valvu zilizofika Afrika Mashariki. Jina linatisha, kazi yake haitishi. Kwetu huku mchimbaji haoshi mawe yalivyotoka shimoni, moja kubwa na jingine dogo. Anayapeleka kwanza kwenye karasha, yasagwe yawe unga wa aina moja, ndipo dhahabu itafutwe. Redio nayo inapokea mawimbi ya vipimo mbalimbali, inayageuza yote yawe ya kipimo kimoja, kisha inayakuza. Redio nyingi unazozifahamu, hata ya transista ya shambani, bado zinatumia njia hiyo.

Mwaka 1923 alimwoa Marion MacInnis, karani wa David Sarnoff, bwana mkubwa wa kampuni ya RCA. Zawadi ya harusi ilikuwa redio ya kubebeka ya superhetirodaini. Fedha alikuwa nazo, kwani RCA ilinunua haki za uvumbuzi wake na kumlipa kwa hisa nyingi.

Kilichobaki kumsumbua kilikuwa radi. Waliowahi kusikiliza masafa ya kati au mafupi wakati wingu limejikusanya juu ya ziwa wanajua tunachosema: taarifa ya habari inakatwakatwa, kra, kra, kra. Redio za wakati ule zilibeba sauti kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya wimbi. Radi nayo huongeza nguvu hiyo ghafla, na redio haiwezi kutofautisha kipi ni radi na kipi ni mtangazaji. Wataalamu wengi walisema hakuna dawa.

Armstrong alifanya kazi hiyo miaka mingi, na mwaka 1933 akapewa hati za umiliki wa njia yake mpya, FM. Hapa nguvu ya wimbi haibadilishwi. Kinachobadilishwa ni kasi ya kutikisika kwake. Fikiria mtu anakuita kwa filimbi kutoka ng'ambo ya shamba, upepo unavuma. Akitumia sauti kubwa na ndogo, upepo utaivuruga. Akitumia sauti nyembamba na nene, utamwelewa. Redio ya FM hukata yote yanayohusu nguvu, na radi nyingi huondoka nayo. Ubaya wake ni kwamba wimbi hili husafiri kama mwanga, ndiyo maana ukishuka nyuma ya kilima tunapotea.

Alitegemea Sarnoff angefurahi. Majaribio yalifanyika juu ya jengo la Empire State na yakafaulu, lakini mwaka 1935 RCA ikamtaka aondoe vyombo vyake. Kampuni ilikuwa inaelekeza fedha kwenye televisheni, na stesheni zake za zamani zilikuwa zinaleta faida. Armstrong akajenga mnara wake mwenyewe huko Alpine, New Jersey, kwa fedha zake. Mwaka 1945 serikali ikaihamishia FM kwenye masafa mengine, haya ya 88 hadi 108 tunayotumia hata sisi, na redio za FM ambazo watu walikwisha nunua zikawa mapambo.

Mwaka 1948 aliishtaki RCA kwa kutumia FM bila kumlipa. Mawakili wakaivuta kesi, fedha zikaisha, usingizi ukakosekana. Mwishoni mwa 1953 aligombana na Marion akampiga, naye akaondoka. Kwa hilo hatuna neno la kumtetea. Usiku wa tarehe 31 Januari 1954 alimwandikia mkewe barua, kisha akajitoa uhai, ana miaka 63.

Marion ndiye aliyeimaliza vita. RCA ilimlipa takriban dola milioni moja mwaka huohuo, naye akaendelea na kampuni nyingine, moja baada ya nyingine, hadi aliposhinda kesi ya mwisho mwaka 1967.

Ile redio haikuuzwa. Kijana ametuachia, iko kwenye rafu ya studio. Hatujaichomeka kwenye umeme na wewe usijaribu na ya kwenu kabla fundi hajaikagua: kapasita zilizokaa miongo mingi hupasuka au kuunguza kila kitu, na umeme wa ndani ya redio za valvu unaweza kuua. Fundi akimaliza tutawajulisha. Ila hata ikipona haitatukamata sisi, kwa sababu ina masafa ya kati na mafupi peke yake.