Juan Vucetich: karani wa polisi aliyekifanya kidole kuwa shahidi

Unaposajili laini ya simu na kuambiwa uweke kidole kwenye mashine, unafuata njia iliyofunguliwa na watu wachache miaka zaidi ya 130 iliyopita. Mmoja wao ni Juan Vucetich, karani wa polisi wa Argentina. Leo tunaeleza maisha yake, na jinsi kipande cha ubao kilichokatwa mlangoni kilivyomwokoa jirani aliyekwisha kupigwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mhamiaji kutoka kisiwani

Vucetich alizaliwa mwaka 1858 katika kisiwa cha Hvar, kwenye nchi ambayo leo ni Kroatia. Kwao aliitwa Ivan. Akiwa kijana alivuka bahari kwenda Argentina kutafuta maisha, kama maelfu ya Wazungu wa wakati huo, na huko akaitwa Juan. Mwaka 1888 alipata kazi katika polisi wa Jimbo la Buenos Aires, mjini La Plata. Hakuwa askari wa kukimbizana na wezi. Kazi yake ilikuwa ya ofisini, kwenye takwimu na kumbukumbu.

Mwaka 1891 wakuu wake walimtaka aanzishe ofisi ya kuwatambua wahalifu kwa vipimo vya mwili. Hiyo ndiyo mbinu iliyosifiwa wakati huo, ya Mfaransa Alphonse Bertillon. Mtu alipimwa urefu, kichwa, mkono na mguu, kisha vipimo vikaandikwa kwenye kadi. Lakini mbinu hiyo ilikuwa na kasoro. Wapimaji wawili waliweza kupata vipimo tofauti vya mtu yuleyule. Isitoshe, mwizi haachi urefu wa mkono wake mahali alipoiba.

Mwaka huohuo Vucetich alisoma makala kuhusu utafiti wa Mwingereza Francis Galton juu ya mistari ya vidole. Akaona hapo kuna jambo. Septemba 1891 akaanza kuchukua alama za vidole, kwanza za watu 23.

Kuchukua alama ni rahisi, unahitaji wino na karatasi tu. Ugumu ni kuitafuta kadi ya mtu mmoja katikati ya maelfu. Vucetich aligawa mistari katika mafungu manne: upinde, kitanzi kinachoelekea upande mmoja, kitanzi kinachoelekea upande wa pili, na mviringo. Kidole gumba alikipa herufi, vidole vingine akavipa namba. Kila mtu akawa na safu yake ya herufi na namba, na kadi zikapangwa kwa kufuata safu hizo.

Mlango wa Necochea

Mwishoni mwa Juni 1892, katika eneo la Necochea, pwani ya kusini ya jimbo hilo, watoto wawili wadogo walikutwa wameuawa nyumbani kwao. Mama yao, Francisca Rojas, alikuwa na jeraha shingoni. Alimtaja muuaji: jirani yao aitwaye Velázquez, mwanamume aliyetaka kumwoa.

Polisi wa pale walimkamata Velázquez, wakampiga na kumtesa ili akiri. Hakukiri. Hakuwa na la kukiri, lakini kwa waliokuwa wakimpiga huo ulionekana ukaidi tu.

Siku kadhaa baadaye alifika mpelelezi kutoka La Plata, Eduardo Álvarez, aliyezijua kazi za Vucetich. Aligundua kwamba Velázquez alikuwa mahali pengine saa ya mauaji. Kisha akarudi ndani ya nyumba ile na kuikagua polepole. Kwenye mlango akaona doa la damu lililokauka, na ndani ya doa mistari ya kidole.

Álvarez hakulikwangua doa lile wala kuridhika na kulieleza kwenye karatasi. Alichukua msumeno, akakata kipande cha ubao chenye alama, akakipeleka kituoni. Kisha akachukua alama za vidole vya mama kwa wino na kuzilinganisha kwa lenzi. Alama ya damu ilikuwa ya gumba la mkono wa kulia wa Francisca Rojas.

Utauliza: si nyumba yake? Alama zake si zingekuwa kila mahali? Ni kweli, na alama kavu ya kawaida isingethibitisha chochote. Ila hii iliwekwa kwa damu, na mama alikuwa amesema hakuigusa miili ya watoto wake. Alipoonyeshwa ubao, akakiri. Alihukumiwa kifungo cha maisha, na Velázquez akawa huru. Kesi hii inatajwa kuwa ya kwanza duniani ambayo muuaji alipatikana na hatia kwa msaada wa alama za vidole.

Sifa na upinzani

Sifa hazikumjia Vucetich mara moja. Vipimo vya Bertillon vilikuwa na watetezi wenye nguvu, na kwa muda aliendelea kulazimika kuvitumia. Katikati ya miaka ya 1890 jimbo lake likaegemea alama za vidole. Mwaka 1904 alitoa kitabu kikubwa cha kueleza mbinu yake, na nchi nyingi za Amerika ya Kusini zikaifuata. Katika makoloni ya Uingereza ilisambaa zaidi mbinu ya Edward Henry, iliyotengenezwa India katika miaka hiyohiyo ya 1890.

Mwaka 1916 jimbo liliamua kuandikisha alama za vidole za wananchi wote. Watu wakapinga, wakihoji kwa nini raia mwema atendewe kama mhalifu, na mwaka uliofuata mpango ukafutwa. Vucetich alifariki mwaka 1925 katika mji wa Dolores, jimboni humohumo. Leo chuo cha polisi cha jimbo hilo kina jina lake.

Kwetu tunajifunza nini?

Ubao wa Necochea ulifaa kwa sababu kwa siku zote zile hakuna aliyeuosha. Kwetu likitokea jambo la kutisha, majirani hujaa ndani ndani ya dakika chache. Tunamfunika marehemu, tunaosha damu, tunaliokota panga na kuliegemeza ukutani. Tunafanya hivyo kwa heshima na huruma, lakini huenda tumefuta jina la muuaji, na likabaki jina la yule tunayemdhania.

Kwa hiyo mwokoe kwanza aliye hai. Baada ya hapo toeni watu, fungeni mlango, mwenyekiti wa kijiji aweke mtu wa kulinda, na mpigie polisi namba 112. Mwambieni askari nani aliingia na nini kiliguswa. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo kabla ya kufika hospitali. Nguo zikibidi kubebwa, ziwekwe kwenye karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki huziozesha zikiwa mbichi.

Kielelezo kikishachukuliwa, kiandikwe kilitoka wapi, nani alikikabidhi na nani alikipokea, hadi mahakamani. Hatua moja ikikosa maelezo, wakili atauliza kama kweli ni kitu kilekile, na ana haki ya kuuliza.

Velázquez hakuwa na cha kujitetea isipokuwa neno lake, na neno lake halikusikilizwa. Kilichomwondoa mikononi mwa waliompiga ni mpelelezi aliyerudi kutazama mlango. Kabla ya kijiji chako kumtaja jirani, kumbuka kwamba huenda ushahidi bado uko pale mlangoni, mradi usiguswe.