Burkitt na Watoto Waliovimba Taya

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago kule Kampala, daktari wa watoto alimwita Denis Burkitt amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa na jicho moja tu. Lingine lilimpotea akiwa na miaka 11. Hakuutambua ule uvimbe. Muda si mrefu, yuko hospitali ya Jinja, anatupa jicho dirishani, anaona mtoto mwingine mwenye uso uleule!

Akaanza kufukua mafaili. Kumbe watoto wengi wa namna hiyo walikuwa pia na uvimbe tumboni, kwenye figo au ini, na kila kiungo kiliandikiwa ugonjwa wake. Yeye akaona ni ugonjwa mmoja. Makala yake ilitoka 1958.

Mwaka 1961 alipanda gari kuukuu na madaktari wenzake wawili, wakazunguka wiki kumi, kama kilomita 16,000, kupitia Tanganyika hadi kusini mwa Afrika. Kila hospitali wanaonyesha picha na kuuliza kama uso huo umeshaonekana hapo.

Hapo ndipo sisi wa Kidugala tunaingia, kwa kutokuwemo. Karibu na ikweta uvimbe ulikoma kwenye mita 1,500 hivi, na ukienda kusini mpaka huo unashuka. Haddow wa Entebbe akagundua kuwa shida si mwinuko, ni baridi: pasipofika nyuzi 16, hauonekani. Aliyeoga maji ya Njombe mwezi wa saba hahitaji maelezo. Mbu naye hapendi, na leo malaria inahesabiwa kati ya visababishi, pamoja na kirusi alichokipata Epstein na wenzake 1964, baada ya kumsikiliza Burkitt London.

Kisu hakikufaa, maana uvimbe huu hukua kwa siku, si miezi. Mulago haikuwa na mionzi, basi akajaribu dawa. Wapo waliopona kwa dozi chache tu, jambo la ajabu wakati ule. Cyclophosphamide aliyoitumia bado inatumika.

Burkitt alifariki 1993. Wenzangu mliopangiwa field kanda ya Ziwa, kule uvimbe huu bado upo. Mara nyingi huanza na meno kulegea bila kuoza, na nyumbani watasema ni jino tu.