Mtakatifu Martin wa Porres: Bruda wa Ufagio na Ahadi Yake kwa Panya



Kijana mwenzangu, leo nataka nikusimulie habari za Mtakatifu Martin wa Porres, ambaye Kanisa linamkumbuka kila tarehe 3 Novemba. Lakini siwezi kuanza na yeye kabla sijakuambia aibu yangu, maana bila aibu hiyo nisingemjua.

Likizo iliyopita paroko wetu alikwenda mafungo ya siku sita, akaniachia nyumba. Mpishi alikuwa kwao kwenye msiba, kwa hiyo nilibaki peke yangu na funguo, mbwa mmoja anayeitwa Simba, paka na kuku kumi na wanne. Padre aliniandikia karatasi: Simba apewe maji asubuhi na jioni na afunguliwe mnyororo usiku, banda la kuku lifungwe kabla ya giza, taa ya nje iwashwe. Basi. Nikajiambia, mtu aliyemaliza falsafa atashindwa na kuku?

Siku ya tatu kulikuwa na mechi. Nikapanda bodaboda kwenda mjini nikiwa na nia ya kurudi mapema. Mvua ikanyesha, stori zikanoga, nikarudi saa nne usiku. Banda lilikuwa wazi na kicheche alishapita. Kuku saba walikuwa wamekufa. Simba alikuwa bado kwenye mnyororo, amelowa, na bakuli lake la chini ya baraza halikuwa na tone la maji. Hakunibwekea. Alitikisa mkia tu, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Padre aliporudi nilimwambia bawaba ya mlango wa banda ilikuwa mbovu. Akaenda bandani, akaufungua mlango, akaufunga. Ulifunga vizuri kabisa. Hakusema neno. Jumapili iliyofuata nilikuta kwenye kitabu changu cha sala kadi ya bruda mweusi mwenye ufagio, na miguuni pake mbwa, paka na panya wanakula sahani moja.

Nikaanza kusoma habari zake.

Martin alizaliwa Lima, nchini Peru, tarehe 9 Desemba 1579. Baba yake, Juan de Porres, alikuwa Mhispania mwenye cheo. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi mwenye asili ya Panama, aliyekuwa amewekwa huru kutoka utumwani. Hawakufunga ndoa. Mtoto alipochukua rangi ya mama, baba hakutaka kumtambua, na kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa la San Sebastián ikaandikwa kwamba baba hajulikani. Ni kanisa hilohilo ambamo, miaka michache baadaye, alibatizwa Mtakatifu Rosa wa Lima. Martin alikuwa na mdogo wake wa kike, Juana. Baba aliwakumbuka baadaye, akawachukua kwa muda huko Guayaquil, lakini Martin alirudi Lima, na malezi yake kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mama na ya umaskini.

Alipofika miaka 12 hivi alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi. Usifikirie saluni za mtaani kwetu. Kinyozi wa zama zile alikuwa nusu daktari: alinyoa, aling'oa meno, alifunga vidonda na kuchanganya dawa za mitishamba. Kijana huyu angeweza kufungua kazi yake, akaheshimika na akala vizuri.

Badala yake, mwaka 1594, akiwa na miaka 15, alibisha hodi kwenye konventi ya Wadominiko ya Bikira Maria wa Rozari. Hakuomba kuwa padre. Hata utawa kamili usingewezekana, kwa kuwa sheria za wakati ule ziliwazuia watu wenye asili ya Kiafrika. Akapokewa kama mtumishi wa nyumba aliyevaa vazi la shirika, akapewa ufagio. Alifagia, alifua, aliwanyoa watawa. Wapo waliomtukana kwa rangi yake humohumo ndani ya nyumba ya Mungu. Aliendelea kufagia. Mwaka 1603, baada ya miaka tisa, wakuu wake walimruhusu kuweka nadhiri kama bruda.

Hapa naomba tutulie kidogo. Sisi tukisikia mtu kawa mtakatifu tunatafuta muujiza mkubwa. Kwa Martin mimi nimeona kwanza funguo. Taratibu alikabidhiwa karibu kila kitu ambacho watu wa nyumba ile walikitegemea bila kukifikiria: dawa, wagonjwa, mashuka, nguo, sadaka za maskini mlangoni. Mgonjwa anapoita usiku wa manane, hakuna anayepiga makofi. Shuka likiwa safi hakuna anayeuliza nani kalifua. Likikosekana ndipo watu wanaulizana.

Sasa tuje kwa panya. Wanasimulia kwamba panya waliingia kwenye stoo ya nguo wakawa wanatafuna mashuka ya wagonjwa. Watawa walitaka kuwaua. Martin, kwa upande wake, alimnasa panya mmoja akamtuma kwa wenzake na makubaliano: waache nguo za wagonjwa, wahamie mwisho wa bustani, naye atawapelekea chakula huko kila siku. Panya wakahama.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikakumbuka lile bakuli kavu la Simba, nikaacha kucheka. Watu wote wanashangaa kwamba panya walitii. Mimi ninachokiona ni kwamba tangu siku ile Martin alikuwa na deni. Kila siku, mvua au jua, amechoka au hajachoka, ilibidi mtu abebe makombo hadi mwisho wa bustani. Panya hawawezi kumshtaki mtu kwa mkuu wa konventi. Angeacha siku moja, nani angejua? Na bado alikwenda. Darasani tulifundishwa kwamba fadhila ni mazoea, inajengwa kwa kurudia tendo jema mpaka liwe tabia. Niliijibu vizuri kwenye mtihani. Martin aliiishi akiwa na makombo mkononi.

Mbwa na paka nao walimjua. Aliokota waliojeruhiwa barabarani akawatibu kama alivyowatibu watu. Konventi ilipokuwa haiwezi kuwapokea, aliwapeleka nyumbani kwa Juana, nyumba ya dada ikageuka hospitali ya wanyama. Nawaza Juana alivumilia mengi! Lakini alimjua kaka yake: akileta mbwa, atarudi kumtazama. Hakuwa mtu wa kuanzisha huruma halafu akawaachia wengine mzigo.

Kuna tukio jingine ambalo kwangu linaeleza yote. Konventi ilikuwa na madeni, mkuu akatoka kwenda kuuza baadhi ya vitu vya thamani vya nyumba. Martin akamkimbilia, akamsihi asiviuze, amuuze yeye kama mtumwa. Hebu fikiria: mtoto wa mwanamke aliyetoka utumwani anajitolea kurudi kule mama yake alikotoka, ili nyumba aliyokabidhiwa isipungukiwe. Mkuu alikataa, akamrudisha nyumbani.

Martin hakuishia ndani ya kuta. Aligawa chakula kwa maskini wa Lima, aliwahudumia watumwa walioletwa kutoka Afrika, alisaidia kuanzisha nyumba ya watoto yatima. Kwetu sisi Waafrika hilo si jambo la mbali. Wale watu walikuwa ndugu zetu, na waliposhushwa melini wakiwa wagonjwa walimkuta bruda mwenye rangi kama yao.

Alifariki tarehe 3 Novemba 1639, akikaribia kutimiza miaka 60. Mtu aliyeandikwa hana baba anayejulikana alibebwa kaburini na wakubwa wa Kanisa na wa serikali. Papa Gregori XVI alimtangaza mwenyeheri mwaka 1837, na Papa Yohane XXIII akamtangaza mtakatifu tarehe 6 Mei 1962. Kwenye picha zake ufagio haujaondolewa mpaka leo.

Sasa, kijana mwenzangu, sisi tunabaki na nini? Wengi wetu tumewahi kuachiwa nyumba: ya shangazi aliyekwenda kujifungua, ya bosi aliyesafiri, ya jirani mwenye mbwa na mbuzi wawili. Mimi nimejifunza mambo matatu, tena kwa gharama ya kuku.

Kwanza, ulizia kabla mwenye nyumba hajaondoka. Mbwa anakula nini, dawa iko wapi, nani apigiwe simu kukiwa na shida. Martin aliwatibu wagonjwa kwa kuwajua, hakubahatisha.

Pili, fanya jambo kwa saa yake. Mnyama hana simu ya kukukumbusha. Maji ya jioni ukiyaleta saa nne usiku, wewe unaona umechelewa tu, yeye ameshapitisha kiu peke yake.

Tatu, kikiharibika kitu, sema. Kuku waliokufa ni hasara, lakini hasara inazungumzika. Uongo ndio unaomfanya mwenye nyumba ashindwe kukuachia funguo tena. Yesu mwenyewe alifundisha kwamba asiyekuwa mwaminifu katika mali ya mwingine hatapewa iliyo yake, na mimi nataka kukabidhiwa roho za watu! Wazo hilo lilininyima usingizi wiki nzima.

Mwishowe nilikwenda kwa padre. Nilikiri habari ya mechi, ya bodaboda, ya bawaba nzima niliyoisingizia ubovu. Alinisikiliza akiwa anamsugua Simba mgongo. Akaniambia alikuwa anajua tangu alipougusa mlango ule, ila alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Kisha akanituma nikabadilishe maji ya mbwa.

Wiki hii ameitwa kwenye kikao cha jimbo, siku nne. Asubuhi alisimama mlangoni, akanitazama kidogo, akaniwekea funguo mkononi. Karatasi hakuandika. Kuku wako kumi sasa, nimewahesabu wakiingia. Banda nimelifunga saa kumi na mbili kamili, nikarudi kuangalia tena saa moja. Simba ameshakunywa.

Tusali: Ee Mungu, ulimpa Martin moyo wa kutunza kwa uaminifu watu, nyumba na wanyama pale ambapo hakuna aliyemwona. Utujalie sisi vijana tuwe watu wa kuachiwa funguo. Tukikosea, utupe ujasiri wa kusema ukweli. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Martin wa Porres, utuombee.