Fundi wa Kioo Aliyesimama na Haki

Émile Gallé, fundi mashuhuri wa vioo wa Ufaransa, alizaliwa katika mji wa Nancy mwaka 1846, na akafia huko huko mwaka 1904. Hakuwa mtu wa pwani wala wa dini yetu. Hata hivyo maisha yake yana mafunzo kwetu sisi wananchi wa visiwani, na zaidi kwa wale waliokabidhiwa dhamana ya uongozi.

Baba yake alikuwa na biashara ya vyombo vya kioo na vya udongo, nayo Gallé aliishika mwaka 1877. Alikuwa amekwisha kusoma elimu ya mimea, na elimu hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa kazi yake. Alilichunguza jani, mzizi na kereng'ende, kisha akavihamishia katika kioo. Wala hakuona haya kujifunza kwa wengine: kwa mafundi wa Japani, na kwa kandili za misikiti ya Misri na Sham, zilizopambwa kwa rangi na dhahabu karne nyingi kabla yake.

Katika karakana yake, kioo cha rangi moja kilivikwa cha rangi nyingine kingali moto. Kilipopoa, tabaka la juu lililiwa kwa tindikali au kuchongwa kwa gurudumu, hata picha ikatokea. Maonyesho ya Paris ya mwaka 1889 na ya 1900 yalimtunuku tuzo za juu.

Lakini sifa hazikumfunga mdomo. Mwaka 1894 Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi katika jeshi la Ufaransa, alihukumiwa kwa uhaini asioufanya. Gallé alijitokeza hadharani kumtetea, na baadhi ya marafiki na wateja wakampa kisogo. Hakurudi nyuma. Katika Maonyesho ya 1900 alionyesha chombo chenye sura za kutisha zikichomoza gizani, mfano wa uongo na chuki. Dreyfus alisafishwa mwaka 1906, Gallé akiwa kaburini.

Mwaka 1901 aliwaunganisha mafundi wa mkoa wake katika jumuiya ya École de Nancy, ili ufundi ufundishwe na usitegemee mji mkuu peke yake. Miongoni mwa kazi zake za mwisho ni mkono wa kioo ulioshikamana na mwani na kombe, kana kwamba unainuka kutoka baharini. Mtu wa bara aliutukuza mwani ambao sisi tunaukanyaga kila maji yakipwa.

Basi tunauliza: mafundi wetu wa milango, wa makasha na wa majahazi wanamrithisha nani kazi zao? Ofisi zinazohusika zisingoje fundi wa mwisho azikwe ndipo ziandae hotuba. Ziwapatie vijana walimu, mbao na soko. Na fundi naye ajue kwamba mkono hodari haumwondolei mtu wajibu wa kusema kweli.